Kimya si huruma kwa mchoraji

Nimechagua wachoraji wa vitabu vya watoto nyumbani, na sasa nafanya kazi hiyohiyo huku Ujerumani. Nafasi ni moja, waombaji wengi, na karibu wote lazima niwakatalie.

Nyumbani tulikuwa hatumkatai mtu. Tulimwambia "tutakupigia", kisha kimya. Tuliamini ndiyo huruma, kwamba asiyeambiwa haumii. Lakini kabla sijawa mchaguzi, niliwahi kungoja simu ya namna hiyo miezi minne, nikikataa vibarua vingine nisije nikaitwa nikiwa sina nafasi. Jibu la "hapana" lingeniuma siku mbili tu.

Huku barua inakuja, ila zote zinafanana: asante, tumempata mwingine, tunakutakia mema. Sababu haiandikwi. Tangu 2006 ipo sheria dhidi ya ubaguzi, na anayehisi kubaguliwa ana miezi miwili tangu apokee jibu kudai fidia kwa maandishi. Waajiri wanaogopa neno la ziada lisije likawa ushahidi. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hofu yao naielewa pia, lakini inamwacha kijana aliyekesha akichora bila hata neno moja la kumsaidia.

Mimi najibu ndani ya wiki. Simzungumzii mtu, nazungumzia karatasi zilizo mezani. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi za mtambo wa kuchapa mara nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na mhusika lazima atambulike mwanzo hadi mwisho. Juzi binti mmoja alileta kazi yenye rangi nzuri mno, lakini mtoto wa ukurasa wa tatu hakuwa yule wa kwanza: kichwa kimekua, macho yamesogeleana. Nikamwandikia hivyohivyo. Rangi zako zimenivutia, nafasi hii hukuipata, mhusika anabadilika sura. Mchore mara 20, akicheka, akikimbia, akiwa amekupa mgongo, ndipo uanze hadithi. Sikumwahidi kumpigia.

Alijibu siku ileile, akiuliza aanze na uso au mwili. Nikamwambia aanze na umbo zima, lile ambalo msomaji mdogo atalitambua hata likipakwa weusi mtupu.