Swichi ya Kundi la Tatu

Darasa la sita walikuwa wakiunda sakiti sahili, yaani njia kamili ya umeme kutoka kwenye betri hadi balbu na kurudi, na kila kundi lilikuwa na vifaa vilevile: betri mbili kubwa za volti 1.5, balbu ya tochi ya volti 2.5 na holda yake, vipande vya waya wa shaba vya sentimita 30 vilivyomenywa ncha zote mbili, na swichi ya kujitengenezea. Swichi yenyewe ni pini mbili za kubandikia matangazo zilizochomekwa kwenye kipande cha boksi, na kibanio cha chuma cha karatasi kinachozungushwa kutoka pini moja hadi kiguse ya pili.

Shule ilinunua waya na balbu. Betri haikununua. Kwa hiyo za kundi la tatu zilitoka kwenye tochi ya Babu mlinzi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Zikirudi zimekufa, mwalimu, leo usiku unalinda wewe."

Utaratibu ni kuwasha balbu kwanza bila swichi, kisha kukata waya mmoja na kuweka swichi hapo katikati. Kundi la tatu waliwasha balbu vizuri kabisa. Ila kukata waya walikataa. Nahodha wao alitoa hoja kwamba kitu kinachofanya kazi hakikatwi, wenzake wakaafiki, wakachukua nyaya mbili za swichi na kuzifunga kwenye skrubu mbili za holda ya balbu.

"Mwalimu, yetu inafanya kazi, ila kinyumenyume! Ukiwasha swichi, taa inazima. Ukizima, inawaka."

Kabla sijafika mezani kwao, kengele ya uji ikalia. Darasa likabaki tupu kwa kasi ambayo hakuna somo limewahi kuileta. Lakini watoto hawa walilelewa vizuri: kabla ya kukimbia, walizungusha kibanio taa ikazima, ili wasimalize betri za Babu.

Hapo ndipo betri zilipochinjwa. Balbu ile ikiwaka hupitisha mkondo wa umeme wa ampea 0.3, yaani ukinzani wake, ule uzito wa kuuzuia mkondo, ni kama ohm 8. Kibanio na nyaya zake, kama vimebana vizuri, havifiki hata ohm moja. Mkondo ukipewa njia mbili, karibu wote hupita kwenye ile nyepesi, balbu inabaki na umeme usiotosha kuiwasha, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni ukinzani wa ndani wa betri zenyewe, ambao ni mdogo. Zinatoka ampea kadhaa badala ya 0.3. Hiyo ni shoti, tena shoti ya kimyakimya, maana taa iliyozimika haimshtui mtu. Kama wangeiacha ikiwaka, betri zingekuwa hai hadi jioni.

Tuliporudi, selotepu iliyozishika betri ilikuwa imelegea, betri hazishikiki kwa moto, na moja inatoa majimaji yanayonata. (Yakikugusa, nawa kwa maji mengi na sabuni. Usinuse.)

"Lakini tulizima, Mwalimu!"

Walizima, kweli. Nikawaambia waweke kidole kwenye chanya ya betri na kufuata waya hadi hasi bila kupita kwenye balbu. Kidole kikafika. Wakatazamana. Waya ukakatwa, swichi ikawekwa pale katikati, na kwa betri za kundi jirani taa ikawaka swichi ilipowashwa, jambo ambalo nahodha aliliona la kawaida mno.

Jioni betri mpya zilinunuliwa dukani, na nahodha akaomba azitie mwenyewe kwenye tochi, kama fidia. Akazitia. Babu akabonyeza: giza. Akabonyeza tena: giza.

Akafungua kifuniko, akachungulia. Chanya zilikuwa zimetazamana, volti 1.5 dhidi ya volti 1.5, jumla sifuri.

"Nimeziweka uso kwa uso, Babu, zisigombane."

Babu akaigeuza moja, akafunga, akanimulika usoni.

"Hivi mwalimu wa sayansi hapa ni nani?"