Sikio la Juu Haliponi kwa Kupakwapakwa

Mabinti wa Mtwara wanatoga masikio juu, kwenye ukingo, na mimi sina ugomvi nao. Huku ni kwa Wamakonde, ambako bibi zetu walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya na kuchanja chale usoni. Mtu akija kuniambia kipini kimoja sikioni ni uhuni wa kuiga, namwuliza kwanza kwao wapi. Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata baada ya tundu: mafuta ya nazi, spiriti, dawa ya meno, unga wa kidonge cha rangi mbili, na kila jirani na ushauri wake.

Ndewe na juu ya sikio ni vitu viwili. Ndewe ni nyama yenye damu tele. Hupona kwa wiki 6 hadi 8. Wengi wetu tulitogwa tukiwa wachanga, tukapitishiwa uzi au kijiti cha chelewa, na hakuna anayekumbuka maumivu. Sasa ujuzi uleule wa ndewe tunaupandisha juu, na huko hautufai. Juu kuna gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika kama mfupa laini. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika, basi kidonda chake hujijenga polepole mno. Hesabu miezi 6 hadi 12, na wapo wanaovuka mwaka. Nje kunakauka mapema, ndani bado kubichi. Binti wa kaka yangu aliponiuliza, "Shangazi, mbona lilishapona, sasa linauma tena?" nikamwambia mwanangu, halikuwa limepona.

Linalohitajika ni dogo kiasi cha kuudhi. Maji ya chumvi ya dukani, yale ya asilimia 0.9 yanayotumika hospitalini, mara moja au mbili kwa siku. Magaga yakilainika yafute kwa shashi safi, kausha, ondoka. Usizungushe hereni eti isigande. Kila ukiizungusha unachana ngozi changa iliyoanza kujishona. Spiriti inaua vijidudu, sikatai, lakini inaunguza na hiyo ngozi mpya. Mafuta ya nazi nayapenda kwenye nywele. Kwenye tundu yanashika vumbi na kufungia unyevu. Unga wa rangi mbili unaganda ukawa saruji, chini yake usaha unafanya utakavyo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Haya ya mabinti zetu dawa yamezisikia, tena zote, hadi yamechubuka.

Kuna na wale wanaosema nenda kajitose Msimbati, bahari inaponya. Maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3.5, karibu mara nne ya ile ya hospitalini, na yana mengine mengi yasiyokuwemo kwenye chupa. Subiri.

Kinachosumbua sikio kuliko uchafu ni kugandamizwa. Kulilalia usiku mmoja kunatosha kuamsha uvimbe, na ukililalia kila siku tundu linakaa upande. Wenye hela wananunua mto wa shingo. Wewe chukua kanga, isokote ngata kama ya kubebea ndoo, iweke juu ya mto, sikio likae kwenye tundu la ngata. Mtandio nao uufunge kwa kulegeza upande huo, na helmeti ya bodaboda uivae taratibu. Na kama nyumbani mnabangua korosho, kaa mbali na sikio lako! Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi nzima ya mkono, sembuse kidonda. Osha mikono kwa sabuni hata kama unadhani umeshaosha.

Kinundu kidogo pembeni ya tundu kisikutie wazimu. Mara nyingi ni hasira ya sikio kwa kuguswaguswa, na hutulia ukiliacha. Keloidi ni jambo jingine: ni kovu nene linalokua polepole, likavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, kwa hiyo kama kwenu lipo, fikiri mara mbili kabla ya kutoga.

La kuogopwa kweli ni sikio la juu kuvimba, kuwa la moto, kung'aa na kuuma hata ukiligusa kwa upole, huku ndewe iko kama kawaida. Usisubiri wekundu, kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri. Hapo utando wa gegedu umeingiliwa, mara nyingi na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, mpenda maji maji, na amoksilini uliyonunua duka la dawa haimwezi. Nenda Ligula, au hospitali yoyote iliyo karibu, siku hiyohiyo. Hereni usiivue mwenyewe. Tundu likijifunga juu, usaha unabaki ndani. Daktari ndiye aamue. Gegedu likifa halioti tena, na sikio hubaki limejikunja maisha yote.

Nimebakiza mafundi. Ile bastola ya plastiki inayosukuma hereni butu kwa nguvu, kwenye ndewe watu wanaivumilia. Kwenye gegedu inaponda. Tena plastiki yake haistahimili mtambo wa mvuke wa kuulia vijidudu, kwa hiyo ya mteja wa asubuhi ndiyo ya mteja wa jioni. Dai sindano mpya, ifunguliwe mbele yako, na hereni ya titani kama inapatikana, maana nikeli inawasha wengi. Na fundi aseme kabla ya kupokea hela kwamba hili ni jambo la mwaka mzima. Wengi hawasemi, wanaogopa wateja wataondoka. Waondoke tu.