Luku moja, vyumba sita

Kila nikirudi Moshi naulizwa umeme wa Ujerumani unalipwaje. Nikieleza, watu wanashangaa: huku unatumia kwanza, hesabu inakuja baadaye. Kila mwezi benki inakata kiasi kilekile cha makadirio. Mita husomwa mara moja kwa mwaka, ndipo unapoambiwa kama unadai au unadaiwa. Mwaka wangu wa kwanza hapa Leipzig nilidaiwa euro 380 juu ya zile nilizokwisha kulipa. Maji ya bafuni kwangu yanachemshwa na mtambo wa umeme wa kilowati 21, na kwa miezi 12 hakuna kitu kilichonionya. Fedha hiyo niliilipa kwa uchungu.

Kwa hilo luku yetu, mita ya kulipia kabla ya kutumia, ni bora. Mama yangu, anayeishi Kiborloni, Moshi, akipita mlangoni anaona uniti zilizobaki. Zikipungua, mdogo wangu ananunua kwa simu, anaingiza zile namba 20, yameisha. Deni halina mahali pa kujificha.

Ninachowaonea wivu Wajerumani ni kitu kingine kabisa. Jengo ninaloishi lina familia kumi, na chini kwenye stoo kuna mita kumi zimepangwa ukutani. Siku nakabidhiwa funguo, tuliteremka na mwenye nyumba tukasoma mita yangu, tukaandika namba, tukatia sahihi wote wawili. Jirani akiwasha oveni usiku kucha, hainihusu.

Mimi nimekulia Pasua, Moshi hukohuko, nyumba ya vyumba sita, luku moja. Mnaijua hiyo hali. Kila chumba kinachanga sawa, halafu inaanza: nani alipiga pasi jana usiku? Mama wa chumba cha tatu alikuwa na friji, akiuza barafu za ubuyu, akaambiwa achange mara mbili. Akaona anaonewa, wengine wakaona bado anawanyonya. Desemba anayekwenda Rombo wiki tatu hataki kuchangia, na haki anayo. Nimeona watu waliokuwa wakiachiana watoto wakanuniana mwaka mzima kwa ajili ya elfu mbili.

Ugomvi ni nusu tu ya hasara. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiweka VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inakuwa 122. Asiyekuwa kwenye kundi hilo hulipa 292, na makato yakiingia inafika 356. Sasa chukua vyumba sita, kila kimoja uniti 20 kwa mwezi: taa, redio, tivii ndogo, kuchaji simu. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa kama shilingi 2,440. Kwa mita moja jumla ni uniti 120, wote wanatupwa kwenye bei ya juu, na uniti zilezile 20 zinamgharimu kila mmoja zaidi ya 7,100. Bei ya nafuu iliwekwa kwa ajili ya watu hawa hawa, na ukuta wa nyumba ya kupanga unawazuia wasiifikie. Juu yake kuna kodi ya jengo, 1,500 kila mwezi, inayokatwa kwenye luku hiyohiyo. Jengo ni la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji.

Najua wenye nyumba watasema gharama. Kuunganishiwa umeme mjini ni shilingi 320,960 kama hauhitaji nguzo na uko ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Kufunga mita za vyumba sita ni karibu milioni mbili, si fedha ndogo, sikatai. Lakini mtu aliyepandisha ghorofa ya pili na kuweka geti la umeme hawezi kuniambia hilo limemshinda.

Nami ninajenga Rau, Moshi, vyumba vinne vya kupangisha. Fundi nimemwambia waya za kila chumba zije peke yake, na ukutani aache nafasi ya mita nne. Nguzo iko hatua ishirini tu kutoka hapo.