Alien: Romulus, Acha Kujipendekeza

Katika Alien: Romulus, filamu iliyotoka Agosti 2024, kuna karani mmoja ambaye hadi leo hajanitoka kichwani. Rain, binti yatima anayefanya kazi kwenye koloni la machimbo lisiloona jua, amefika dirishani kwake na hesabu zake. Mkataba wake wa saa 12,000 umetimia, anaomba kibali cha kuhamia sayari yenye mwanga. Karani anabonyeza kompyuta yake, kisha anamjibu kwa ule upole wa mtu asiyekuwa na habari na wewe: kiwango kimepandishwa, sasa ni saa 24,000. Ni miaka mingine mitano au sita. Tena unahamishiwa mgodini. Kampuni inakushukuru kwa utumishi wako.

Hapo lidude, yule kiumbe wa anga za juu anayeua watu, bado halijaonekana, wala tone la damu halijamwagika, nami tayari tumbo limekaza. Yeyote mwenye dada, shangazi au jirani aliyewahi kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani anaijua lugha hiyo. Mkataba uliosaini nyumbani si ule unaoukuta kule, pasi ya kusafiria anayo mwajiri, na kuondoka ni mpaka yeye apende. Mwongozaji, Fede Álvarez, ni mtu wa Uruguay, na sidhani kama alikuwa anawaza Muscat au Riyadh. Lakini robo saa ile ya mwanzo ilinigusa mahali ambapo filamu za anga za juu hazinigusi mara nyingi, nikajiambia leo tumepata kitu.

Tulipata, kwa kiasi. Ndiyo maana naandika. (Nitataja yanayotokea mpaka mwisho. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa, ishia hapa.)

Niseme kwanza nimetokea wapi. Alien ya kwanza, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilitoka 1979. Sisi wa kibanda umiza tuliipata miaka mingi baadaye, kwenye mkanda ulionakiliwa mpaka picha imechoka, mtafsiri akiongea juu ya sauti za waigizaji na kutia chumvi anapotaka. Tulikaa tukimsubiri steringi afanye kazi yake. Dallas, nahodha mwenye ndevu, akaingia kwenye njia za hewa na bomba lake la moto, kibanda kizima kikashangilia. Hakurudi. Jamaa mmoja benchi la nyuma akasimama kudai hela yake, akisema mkanda umekatwa, kwa sababu steringi hafi. Mkanda haukuwa umekatwa. Aliyebaki mwishoni ni mwanamke, Ripley, na paka.

Kilichonifunga kwenye mfululizo huu kilikuwa zaidi ya lile lidude. Rudia mwanzo wa filamu ile ya 1979: watu wameamka kutoka usingizi wa safari, wako mezani, na mafundi wawili, Parker na Brett, wanalalamika kwamba mgao wao wa bonasi ni mdogo kuliko wa wenzao. Ni madereva wa lori tu, ila lori lao linapita kati ya nyota na limekokota mamilioni ya tani za madini. Baadaye inajulikana kwamba kampuni ilishatoa agizo mapema: mnyama aletwe, wafanyakazi wakipotea si hoja. Lidude linaua kwa sababu ndivyo lilivyo. Kampuni inaua kwa sababu imepiga hesabu.

Filamu zilizofuata mara zilikumbuka jambo hilo, mara zikalisahau. Ya James Cameron ya 1986 ililikumbuka vizuri, katikati ya risasi zote zile. Ya 1992 ilikuwa na huzuni ambayo watu hawakuwa tayari kuilipia. Ya 1997 naiacha ilipo. Kisha Scott mwenyewe akarudi na Prometheus mwaka 2012 na Covenant mwaka 2017, akitaka kutueleza nani aliumba nini. Mimi swali hilo sikuwahi kuliuliza. Lidude lenye ukoo na historia ya uumbaji linatisha nusu tu ya lile lisilojulikana lilikotoka.

Kwa hiyo Romulus ilipotangazwa kwamba itarudi kwenye vyuma, giza na wafanyakazi, ikiwekwa katikati ya matukio ya filamu mbili za mwanzo, tulishukuru. Na kazi ya mikono iliyofanyika humo inastahili sifa zote. Álvarez aliwarudisha mafundi wa madude waliofanya kazi kwenye ile ya 1986, wakatengeneza vitu vya kushikika, vyenye uzito na ute wa kweli. Ukitazama vile viumbe vinavyorukia uso, jinsi vidole vyake vinavyokwaruza sakafu, unaona kabisa kwamba kilichomtisha mwigizaji kilikuwa mbele yake, hakikuongezwa baadaye kwenye kompyuta.

Kuna sehemu moja nitaitetea popote pale. Viumbe hivyo vinawinda kwa joto na sauti. Rain na vijana wenzake, walioingia kwenye chombo kilichoachwa wakitafuta njia ya kutoroka koloni, wanapandisha joto la chumba mpaka lilingane na la mwili wa binadamu, halafu wanapita katikati yake polepole, jasho likiwatoka, pumzi wamezibana. Hakuna muziki wa kukushtua, hakuna anayepiga kelele. Ni akili ya kawaida imegeuzwa silaha, na ukumbi niliokuwamo ulinyamaza kama msikiti kabla ya takbira. Nyingine ni ile ya nguvu ya mvutano ya chombo kuzimwa, vitu vikabaki kuelea. Damu ya lidude ni asidi inayotoboa chuma, hivyo kulipiga risasi ndani ya chombo ni kujiua mwenyewe. Rain anazima mvutano, anafyatua, na asidi inabaki ikielea hewani kwa mizunguko, nao wanapaswa kupenya katikati yake bila kuguswa. Tangu 1979 tunajua damu ile ni asidi, na sikumbuki aliyewahi kuitumia hivyo. Huko ndiko kuendeleza hadithi.

Halafu yuko Andy. Ni roboti mwenye umbo la binadamu, mbovu kidogo, aliyeokotwa kwenye takataka na baba yake Rain na kupangwa upya awe kaka wa kumlinda. Anagugumiza, anatoa vichekesho baridi vya wazee. Kisha anawekewa kipande cha kumbukumbu cha roboti wa kampuni ili aweze kufungua milango, na uso ule ule unabadilika. Kigugumizi kinaisha. Mabega yananyooka. Anaanza kupima nani afunguliwe mlango na nani aachwe nje afe, na hesabu zake ni sahihi, na hilo ndilo linalochukiza. David Jonsson anacheza watu wawili kwa mwili mmoja bila kubadili nguo, na sielewi kwa nini hakushangiliwa zaidi ya alivyoshangiliwa. Ndugu anageuka karani. Yule wa dirishani sasa amehamia ndani ya nyumba.

Filamu ingesimama hapo, ningeandika sifa tupu. Bahati mbaya ilikumbuka kwamba mimi nipo ukumbini.

Nasema hivyo kwa sababu kila baada ya muda fulani inageuka kunitazama. Kijana anamfundisha Rain kushika bunduki kubwa, sawasawa na Ripley alivyofundishwa mwaka 1986. Rain anarekodi ujumbe wa mwisho wa safari unaofanana mno na ule wa Ripley. Kisha Andy, katikati ya hatari, anatamka lile tusi maarufu ambalo Ripley alimtolea malkia wa madude alipokuwa anamlinda mtoto. Mwaka 1986 tusi lile lilitoka kwa mama aliyekwisha kupoteza binti yake na hakuwa tayari kupoteza mwingine. Andy hana sababu ya kulisema. Hajamsikia Ripley, na kwa kalenda ya hadithi yenyewe Ripley bado hajalisema. Anayelijua ni mimi. Ukumbini waliokuwa umri wangu walipiga makofi, nami nilijikuta natazama viatu vyangu.

Hilo la tusi ni dogo. Kubwa ni Rook. Ndani ya chombo kilichoachwa kuna roboti wa kampuni aliyeliwa na asidi, amebaki kiwiliwili, na uso wake ni wa Ian Holm, aliyecheza Ash, roboti wa kampuni katika filamu ya kwanza. Holm alifariki Juni 2020. Familia yake iliridhia, na uso ukaundwa kwa sanamu inayojongea na kompyuta juu yake, huku mwigizaji mwingine akitoa sauti. Sina ugomvi na familia, mali ni yao. Ugomvi wangu ni na kazi anayopewa. Rook yupo ili aeleze hadithi, anaongea na kuongea, na anarudia karibu neno kwa neno ile kauli ya Ash kwamba hawezi kuwadanganya kuhusu nafasi yao ya kupona, ila anawapa pole. Holm alipoisema, kichwa chake kikiwa kimekatwa na maziwa yanamtoka mdomoni, palikuwa na kitu machoni mwake kilichokaribia kuwa furaha. Kwa Rook macho hayana mtu. Toleo la kutazamia nyumbani lilifanyiwa marekebisho, midomo ikapata afadhali. Macho ni yale yale.

Jambo hili linaniuma zaidi nikikumbuka nani alikuwa ndani ya lile vazi la lidude mwaka 1979. Jina lake ni Bolaji Badejo, Mnigeria, mwanafunzi wa sanaa London, mwembamba mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyeonwa baa na watu waliokuwa wakitafuta mtu wa umbo hilo. Alifundishwa kujongea polepole, kimya kimya. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti, basi wakamtengenezea bembea ya kupumzikia kati ya picha na picha. Hakucheza filamu nyingine. Alifariki 1992 kwa ugonjwa wa selimundu, akiwa na miaka 39. Kile kibandani tulichokiita jini kilikuwa kijana wa Lagos anayetembea. Hicho kitu kinachotisha hakikuwahi kuwa picha tu, kilikuwa mwili wa mtu aliyeletewa wazo jipya na kulibeba.

Na tazama kichekesho: Romulus yenyewe inalijua hili. Kiumbe cha mwisho, mtoto anayezaliwa na Kay, mwenzao aliyekuwa mjamzito, baada ya kujidunga kile kimiminika cheusi cha Prometheus, kinachezwa na Robert Bobroczkyi, mchezaji wa kikapu kutoka Romania mwenye urefu wa takriban mita 2.31. Mtu halisi, mrefu kupindukia, asiyejulikana, anapinda shingo na kutabasamu. Wengi hawakupenda sehemu hiyo, na kimiminika chenyewe kingeweza kubaki kule kwenye filamu zake. Mimi nilitetemeka. Filamu moja: huku uso wa marehemu unaoongea bila pumzi, kule mgeni anayetutisha bila kusema neno.

Nani wa kulaumiwa? Rahisi kusema ni studio. Lakini Scott alipotupeleka pengine, sisi mashabiki wa zamani ndio tuliolia mtandaoni miaka nenda miaka rudi kwamba haifanani na ile yetu. Haya, sasa wametupa inayofanana. Filamu iligharimu takriban dola milioni 80 na ikaingiza zaidi ya milioni 350 duniani, kwa hiyo hesabu imewakubalia, na sioni kwa nini atakayefuata aache kutupigia magoti. Kuna hata ile habari ya mwanzoni, kwamba lidude ambalo Ripley alilitupa nje ya chombo liliokotwa likielea. Ushindi wa mwanamke yule umefutwa ili tupate kuanza tena. Nililimeza, lakini kwa shida.

Nilikwenda na mpwa wangu wa chuo, ambaye hakuwa ameona hata moja kati ya zile za nyuma. Tulipotoka nilimuuliza kuhusu Rook. "Yule roboti aliyechakaa? Alinitisha, mjomba, midomo yake haikai sawa." Kwake ubovu ule ulikuwa sehemu ya roboti kuharibika. Tusi la Andy alilicheka kama kichekesho chake kingine kibaya. Kule nilikoona kaburi linafukuliwa, yeye aliona filamu tu, tena nzuri, na njia nzima ya kurudi alikuwa akizungumzia mlango ambao Andy alikataa kuufungua.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hii, halafu arudi 1979. Imetengenezwa kwa ajili yetu, na watakaoifaidi zaidi ni wasiokuwa sisi. Mpwa ameshamaliza ya kwanza, sasa anaitaka ya 1986. Nimemwambia amalize mitihani kwanza.