Bububu imeandikwa kwenye gari

Tulikuwa Darajani, sokoni mjini Unguja, mimi na binti wa dada yangu, tunasubiri gari ya kurudi nyumbani. Mtoto alikuwa na miaka sita, miwili kaimaliza skuli ya maandalizi, na ba be bi bo bu aliijua kama jina lake. Nyumbani aliimba mstari baada ya mstari mpaka za ze zi zo zu, na sisi tukimpigia makofi. Ikasimama gari namba 502. Akakitazama kibao, midomo ikamcheza, akatoa sauti ndogo: "Bu. Bu. Bu." Kisha akanivuta buibui. "Mama mdogo! Ile Bububu!"

Uso wake siku ile siusahau. Alikuwa keshafika Bububu mara nyingi, ana shangazi yake huko. Hakujua kwamba Bububu inaweza kukaa kwenye kibao ikamsubiri yeye aisome.

Wiki chache kabla nilikuwa nimemwonyesha silabi moja peke yake, bo, nikamuuliza hii nini. Akaanza: ba, be, bi, bo. Ilibidi aimbe kutoka mwanzo ndipo aifikie. Nikaigeuza karatasi juu chini, akaimba vilevile. Watoto wengi wako hapo na wazazi wao wanaamini wanasoma. Mimi naamini mtoto hajaanza kusoma mpaka maandishi yamwambie jambo analolijali, na jambo hilo mara nyingi liko nyumbani au njiani, haliko ubaoni.

Simlaumu mwalimu. Mwenye darasa lililojaa na ubao mmoja atafanya nini kama si kuimbisha? Na mengi mazuri yamefanyika kwetu. Mpango wa Madrasa wa malezi ya watoto wadogo ulifika Zanzibar mwaka 1990, na sera ya elimu ya 2006 ikaiweka miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima. Lakini naona wazazi wengi tulipokea habari ile kama ruhusa ya kukaa pembeni: mtoto kaenda skuli, basi kusoma ni kazi ya skuli.

Watu huniambia, nyumbani hatuna vitabu. Ni kweli, na vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya watoto ni haba madukani. Lakini nyumba gani ya Unguja au Pemba haina kanga? Kila doti lina jina lake, sentensi nzima, maneno ambayo mtoto ameshayasikia kwa masikio. Mwite, mwambie hii kanga inasema hivi, na kidole chako kipite chini ya kila neno. Kesho muulize iko wapi ile iliyosema vile. (Yapo majina ya vijembe, hayo yabaki kabatini.) Angalizo moja: kanga huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na skuli mtoto anakutana na ndogo. Kwa hiyo chukua chaki, liandike jina lilelile sakafuni kwa herufi ndogo, muache atafute kipi ni kipi. Hapo kuna mchezo wa jioni nzima.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Siku hizi mtoto wa miaka mitatu anafundishwa kwanza majina ya herufi kwa Kiingereza, nasi tunajivunia. Ukimpa neno meli anakuletea em, ii, el, ai. Mwambie aunganishe, haviungani, wala haviwezi kuungana. E kwa Kiingereza inaitwa kwa sauti ya i yetu, na i inaitwa ai. Kiswahili kimetupa neema kubwa, a ni a popote utakapoikuta, halafu tunamvurugia mtoto kabla hajaionja. Kiingereza atakisoma, wala sikikatai. Asome kwanza lugha anayoiota usiku.

Na asichekwe. Kwetu Pemba mtoto husema ntoto, nti, ntu, na akianza kuandika ataandika hivyohivyo. Nimeona mtoto akipigwa kwa hilo. Aliyeandika ntoto ameisikiliza sauti mdomoni mwake akaitafutia herufi, kazi kubwa kuliko kunakili ubao mzima. Mpigie makofi matatu, m-to-to, umwonyeshe kwamba ile sauti ya mwanzo ina kofi lake peke yake, na kitabuni huandikwa m. Itakaa.

Wakati hatuna, hilo nalo nalisikia. Nami nimekulia kwenye karafuu. Msimu wake watu hukaa jamvini usiku wakichambua, mikono ina kazi, mdomo hauna. Hapo ndipo mimi nilipotegewa vitendawili. Popoo mbili zavuka mto: macho! Nilikuwa mdogo hata nisijue popoo ni nini, nikauliza, nikaambiwa ni ile kokwa inayotafunwa na tambuu. Maneno ya namna hiyo hayapiti katika "njoo ule" na "kaoge". Mtoto aliyeyasikia jamvini, akija kuyakuta yameandikwa, anayapokea kama jamaa. Aliyewekewa katuni kwenye simu ili anyamaze hana wa kumuuliza popoo ni nini.

Na si lazima kila mzazi peke yake. Walio wakubwa watakumbuka vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, miaka ya 2000: redio, mlezi wa palepale kijijini, watoto wamekusanyika. Baraza tunazo. Kijana aliyemaliza skuli na anasubiri kazi anaweza kusoma kitabu kimoja kwa sauti kati ya Alasiri na Magharibi, siku ambazo hakuna chuo cha Kurani. Mimi ningependa kila shehia, yaani kila eneo la sheha wetu wa mtaa, ianze na baraza moja tu.

Tulipokwenda Wete, kwetu Pemba, likizo ile, binti alimweleza bibi yake habari ya gari ya Bububu. Mama yangu ukimuuliza atakwambia yeye hajui kusoma. Na kila alfajiri anafungua msahafu, na jirani zake wawili wamejifunza alifu na bee miguuni pake. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo za Kiarabu karne nyingi, hata kanga za mwanzo zenye maneno zilichapwa kwazo. Lakini tumemzoesha kuamini kwamba anachokijua si kusoma, basi vitabu vya wajukuu havigusi.

Mtoto akachukua kipande cha mkaa, akaandika BUBUBU kwenye sakafu ya baraza. Bibi akainama, akauliza hii ndiyo bu? Akaambiwa ndiyo. Akauomba mkaa. Pembeni yake akaandika bee, akaiwekea dhumma, ile alama ya sauti ya u, akaandika ya pili na ya tatu, kutoka kulia. "Na hii," akamwambia mjukuu wake, "haya, nisomee."