“Bila tarehe” ni jibu, si uvivu

Kila msimu wa tasnifu ubishi huu hurudi. Mwanafunzi amepata ukurasa wa wavuti wenye hoja anayoihitaji, lakini hauna tarehe ya kuchapishwa, pengine hata jina la mwandishi. Msimamizi mmoja anamwambia aufute, kwa kuwa kwake chanzo kisicho na tarehe si chanzo. Mwingine anamruhusu aandike “bila tarehe” na kuendelea.

Wa kwanza ana hoja nzito. Tarehe ndiyo inayomjulisha msomaji kama takwimu ni za kabla ya sensa au baada yake, kama mwongozo wa dozi bado unatumika au umeshafutwa. Tena mara nyingi ukurasa ule ni muhtasari tu wa ripoti kamili, yenye mwaka na jina la taasisi, ambayo ingepatikana kwa kubofya mara mbili zaidi. Hapo kuandika “bila tarehe” ni kukwepa kazi, na tasnifu irudishwe.

Lakini katazo hilo huzaa jambo baya kuliko lile linalokatazwa. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba lazima pawe na tarehe ataitafuta mpaka aipate, na iliyo karibu ni ule mwaka wa chini kabisa ya ukurasa, kando ya alama ya hakimiliki. Nimewahi kupitia marejeo ambamo tovuti zote 11 zilikuwa zimepewa mwaka uleule tuliokuwa nao. Nikafungua moja. Kweli, chini palikuwa na mwaka huo. Ila anwani ya picha iliyokaa katikati ya maandishi ilikuwa na folda ya 2014/03, yaani picha ilipakiwa Machi 2014. Mwaka wa chini tovuti nyingi huubadilisha zenyewe kila Januari, na hausemi lolote kuhusu maandishi yaliyo juu yake. Yule mwanafunzi hakukusudia kudanganya. Alifundishwa kwamba pengo ni kosa, akaliziba.

Madhara ya kuziba pengo namna hiyo yalionekana wazi Septemba 2008. Habari ya Desemba 2002 kuhusu shirika la ndege la United kuomba ulinzi wa kufilisika ilikuwa bado kwenye tovuti ya gazeti la Sun-Sentinel la Florida, bila tarehe yake ya awali. Google ilipoikuta, ikaichukua kuwa ni ya siku hiyo. Tarehe 8 Septemba ikawafikia wafanyabiashara wa hisa kupitia Bloomberg, mtandao wa habari za fedha, na hisa za kampuni mama ya United zikaporomoka kwa dakika chache kutoka takriban dola 12 hadi dola 3, kabla biashara yake haijasimamishwa. Shirika lenyewe lilikuwa limeshatoka kwenye ufilisi tangu 2006! Kisa hiki hutumiwa kuonya dhidi ya kurasa zisizo na tarehe. Mimi nakisoma tofauti. Kila neno la habari ile lilikuwa kweli mwaka 2002, na kama msomaji angeambiwa tu kwamba tarehe haijulikani, huenda angesita. Kilichomponza ni tarehe aliyopewa, ambayo haikuwa ya habari ile.

Ndiyo maana naitetea “bila tarehe” inayoandikwa baada ya kutafuta. Kutafuta kwenyewe si siri. Fungua msimbo wa ukurasa uangalie kama kuna datePublished, yaani sehemu inayotaja tarehe ya kuchapishwa. Angalia anwani za picha. Kisha peleka kiungo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, uone nakala ya kwanza ni ya lini. Nakala hiyo haikupi siku ya kuchapishwa, inakupa ukomo tu: ukurasa ulikuwapo tayari kufikia siku ile. Usiamini sana tarehe ya mwisho kubadilishwa inayotolewa na kivinjari, kwani kurasa nyingi huundwa upya kila zinapofunguliwa, na tarehe hiyo inaweza kuwa ya dakika hiyohiyo.

Mitindo ya kunukuu yenyewe haina ugomvi na pengo. APA ina alama maalumu ya kazi isiyo na tarehe, na mwandishi asipojulikana kichwa cha ukurasa huchukua nafasi yake. Chicago, ambayo kwa kawaida haidai tarehe ya kusoma, huitaka pale tarehe ya kuchapishwa isipopatikana. Ningeongeza kiungo cha nakala iliyohifadhiwa, kila mara. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikufikika tena kufikia Oktoba 2023, yaani zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi. Msomaji wa kesho atakayetaka kuhakiki nukuu yako hatakuwa na kitu kingine cha kushika.

Ile orodha ya tovuti 11 tuliirudia pamoja, alasiri moja. Nne zilipata tarehe zake halisi kwenye msimbo. Mbili tuliziondoa, kwa kuwa ripoti kamili zilikuwapo. Tano zikabaki bila tarehe, kila moja na siku iliyosomwa na nakala yake.