Saltaire: Tuanze na Nyumba, Kiwanda Baadaye

Kila ninaposoma habari za Saltaire, kijiji cha kiwanda cha nguo karibu na Bradford, Uingereza, naona sifa zote zinakwenda kwa jengo la kiwanda. Ni jengo kubwa kweli. Lakini kwangu historia ya pale imo kwenye nyumba.

Titus Salt alikuwa meya wa Bradford wakati kipindupindu kilipoua mamia ya watu mwaka 1849. Mji ulijaa moshi, maji yalikuwa machafu, watu wamebanana vyumbani. Salt, aliyetajirika kwa vitambaa vya sufu ya alpaka, mnyama wa Amerika Kusini, akahamishia kazi zake zote nje ya mji, kando ya mto Aire, palipopita reli na mfereji wa mashua za mizigo. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1853. Nyumba zilifuata kidogo kidogo hadi zikapita 800, zote za mawe, zenye maji ya bomba, taa za gesi na choo cha kila familia uani.

Wapo wanaosema alitafuta sifa tu. Hata kama ni kweli, mtoto aliyekunywa maji safi alipona vilevile.

Kinachonisumbua ni kingine. Nyapara alipewa nyumba kubwa, mfumaji akapewa ndogo, hivyo cheo cha mtu kilijulikana mlangoni kwake. Mitaa ikaitwa kwa majina ya mke wa Salt, Caroline, na watoto wao. Baa zilipigwa marufuku. Juu ya yote, aliyekulipa mshahara ndiye aliyekudai kodi ya nyumba. Mtu wa namna hiyo anagoma vipi, ilhali mkewe na wanawe wanalala chini ya paa la bosi?

Mwaka 1933 nyumba ziliuzwa kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo kiwanda kilipofungwa mwaka 1986, kijiji hakikufa nacho. Mfanyabiashara Jonathan Silver alikinunua kiwanda mwaka uliofuata, akaweka humo picha za mchoraji David Hockney, na mwaka 2001 UNESCO ikakitambua kijiji kizima kuwa urithi wa dunia.

Hapo UNESCO ilifanya jambo la maana sana. Kwingine kiwanda hukarabatiwa kikawa makazi ya wenye fedha, huku safu za nyumba za wafanyakazi zikibomolewa. Anayefika Saltaire kutazama picha za Hockney apite kwanza mitaani, alinganishe nyumba ya nyapara na ya mfumaji.